Mjadala: Kilatini na Shakespeare kwa wajukuu wa watumwa. Je, walimu wa M Street walikosea?

Wanajamvi, salaam.

Juzi tukizungumzia elimu ya Wamarekani Weusi, mchangiaji mmoja alisema jambo lililonikaa kooni mpaka leo. Alisema walimu wa shule ya sekondari ya M Street, mjini Washington, waliwapotezea muda watoto wa watu kwa kuwakaririsha Kilatini na Shakespeare mwanzoni mwa karne iliyopita, na kwamba aliyeona mbali ni Booker T. Washington, mwalimu na kiongozi wa Weusi wa enzi hizo, aliyehimiza useremala, kilimo na kufyatua matofali. Wengi wakamuunga mkono. Mimi napinga, na ningependa tulijadili hapa kwa nafasi.

Kwa wasioifahamu: shule hiyo ilianza mwaka 1870 kwenye chumba cha chini cha kanisa moja la Weusi, miaka mitano tu baada ya vita vilivyomaliza utumwa Marekani. Mwaka 1891 ikapata jengo lake katika mtaa wa M, na mwaka 1916 ikahamia jengo jipya na kupewa jina la mshairi Paul Laurence Dunbar. Ilikuwa shule ya umma, ya Weusi peke yao, kwa kuwa shule za mji ule zilitenganishwa kwa rangi. Na kwa kuwa vyuo vikuu vya Wazungu havikuwaajiri wahadhiri Weusi, wasomi ambao pengine wangekuwa maprofesa waliishia kufundisha sekondari. Jessie Fauset, aliyehitimu Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1905, alifundisha hapo Kifaransa na Kilatini. Carter G. Woodson, aliyepata udaktari wake Harvard mwaka 1912, alifundisha hapo pia masomo kadhaa, yakiwemo ya lugha. Sijui ni sekondari ngapi duniani zimewahi kuwa na chumba cha walimu kama kile.

Sasa tuje kwenye Kilatini chenyewe. Mwaka 1900, karibu nusu ya wanafunzi wote wa sekondari za umma Marekani walikuwa wakisoma Kilatini, tena wengi wao Wazungu. Aliyetaka kuingia chuo kizuri alitakiwa awe amesoma waandishi wa Roma ya kale: vita vya Caesar, hotuba za Cicero na utenzi wa Vergil. Kwa upande wa Kiingereza, vyuo vilitangaza vitabu teule: Macbeth, mashairi mafupi ya Milton, hotuba ya Burke, mbunge wa Uingereza, ya kutaka mapatano na makoloni ya Marekani. Usipovisoma, mtihani wa kuingia chuo hukuuweza. Kwa hiyo mtu akiniuliza Kilatini kingemsaidia nini mtoto Mweusi wa Washington, namjibu kwamba kilikuwa ufunguo wa mlango ambao wenye nyumba ndio walioutengeneza. Unaweza kuuchukia mlango, lakini huwezi kumlaumu anayempa mwanawe ufunguo.

Kuna jambo linaloniuma zaidi. Mwaka 1893 kamati ya wasomi kumi, ikiongozwa na Charles Eliot wa Harvard, ilisema kila somo la sekondari lifundishwe kwa namna ileile kwa wote wanaolisoma, awe anayekwenda chuo au asiyekwenda. Hayo yalikuwa maneno kwa taifa zima. Ilipofika zamu ya mtoto Mweusi, ghafla wakazuka wataalamu wa kusema yeye ana mahitaji yake maalumu, na mahitaji yale, ajabu, yote yalikuwa ya mikono.

Anna Julia Cooper aliliona hilo. Alizaliwa utumwani, Raleigh, North Carolina, yapata mwaka 1858. Alisoma chuo cha Oberlin, akaja kufundisha Washington, na mwaka 1902 akawa mwalimu mkuu wa M Street. Aliwaandaa wanafunzi wake kwa mitihani ileile ya Wazungu, nao wakapokelewa Harvard, Brown na kwingineko. Ungetegemea apongezwe. Badala yake kukawa na shinikizo la kuwapunguzia Weusi mtaala, yeye akakataa, zikaja tuhuma juu ya uendeshaji wa shule, na mwaka 1906 bodi ya elimu ikakataa kumpa tena kazi yake. Jiulizeni kwa nini mwalimu aondolewe wakati wanafunzi wake wanafaulu.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Booker T. Washington alijenga chuo cha Tuskegee katikati ya Alabama, mahali ambapo Mweusi aliweza kuuawa kwa neno moja tu, na wanafunzi wake walifyatua kwa mikono yao matofali ya majengo yao. Simdharau hata kidogo, na ufundi siudharau. Ila katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1901 aliandika kwamba moja ya mambo ya kuhuzunisha zaidi aliyoyaona katika mwezi mmoja wa safari zake ni kijana aliyesoma sekondari, amekaa kwenye kibanda cha chumba kimoja, nguo zina mafuta, uchafu umemzunguka, magugu yamejaa uani, naye anasoma sarufi ya Kifaransa. Mimi nafundisha fasihi, na nikimfikiria kijana yule simhuzunikii. Nataka kujua alifika ukurasa gani. Tena Booker huyohuyo alimpeleka binti yake Portia kusoma Massachusetts, kisha Berlin kujifunza piano. Alijua vizuri kwamba mtoto anahitaji zaidi ya jembe.

Na sisi hatuko mbali na kesi hii. Mwaka 1924 tume ya elimu ya Phelps-Stokes, mfuko wa hisani wa Marekani, chini ya Thomas Jesse Jones aliyewahi kufanya kazi Hampton, chuo alichosoma Booker, ilizunguka Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ikihimiza elimu ya Mwafrika iendane na maisha ya kijijini kwake, kwa mfano wa Hampton na Tuskegee, vyuo vilivyosisitiza kazi za mikono. Mwaka uliofuata Jeanes School, ya kuandaa walimu wa shule za vijijini, ilifunguliwa Kabete, Kenya. Kwa haki, tume ile ilitaka pia watoto waanze kusoma kwa lugha zao, na kwa hilo naipa heshima yake. Lakini waliokaa kuamua kiasi cha elimu kinachomtosha mtoto wa Kikuyu au wa Kisukuma walikuwa wamekwisha kuipima kwa mtoto wa Alabama.

Karibuni.

NYONGEZA, baada ya kusoma michango yenu:

Mmoja amesema waliofaidika M Street walikuwa wachache. Kweli. Lakini mwaka 1900 ni kama kijana mmoja kati ya kumi tu, kwa Marekani nzima, aliyekuwa sekondari. Uchache ulikuwa wa sekondari zote, na hatujasikia mtu akitaka sekondari za Wazungu wa Boston zigeuzwe karakana kwa sababu hiyo. Katika wachache hao yumo Charles Hamilton Houston, aliyemaliza M Street mwaka 1911, akasoma chuo cha Amherst na sheria Harvard, kisha akaongoza mapambano ya mahakamani dhidi ya shule za ubaguzi.

Mwingine amegusa pagumu: Woodson mwenyewe, mwalimu wa shule ileile, aliandika mwaka 1933 kwamba elimu waliyopewa Weusi iliwafundisha kujidharau. Hapa narudi nyuma hatua moja. Vitabu teule vile havikuwa na mwandishi Mweusi hata mmoja, na mtoto aliyemaliza miaka minne bila kukutana na mtu wa asili yake ndani ya kitabu amedhulumiwa. Nakubali bila kona. Lakini someni vizuri: Woodson aliikosoa elimu ya ufundi vilevile, kwamba iliwafundisha vijana mbinu zilizopitwa na wakati viwandani. Hakusema wapunguziwe vitabu. Alitaka waongezwe vyao.

Na kwa aliyeuliza Cooper aliishia wapi: alikwenda kufundisha Missouri, na mwaka 1910 akarudi M Street, safari hii mwalimu wa kawaida wa Kilatini, chini ya wakuu wengine. Akaendelea kusoma huku akifundisha. Mwaka 1925, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60, Chuo Kikuu cha Paris kilimpa udaktari. Tasnifu yake ilihusu msimamo wa Ufaransa juu ya utumwa wakati wa Mapinduzi, na aliiandika kwa Kifaransa.