"Put off": kuahirisha, kukinaisha au kuzima?

Msomaji_K: Wadau, kamusi yangu inasema "put off" ni kuahirisha. Sasa "The smell put me off" ndiyo nini, harufu iliniahirisha? Na "put off the lights" ni Kiingereza sanifu?

Mkalimani: Tazama "put off" inahusu kitu gani au nani. Likiwa ni tukio au kazi, umepatia: "They put off the meeting until Friday", wamesogeza kikao hadi Ijumaa. Akiwa ni mtu, maana hugeuka. Harufu ilinikinaisha, "it put me off my food", ilinitoa hamu ya kula. Kelele zikimvuruga mpigaji penalti, "the noise put him off". Na mdaiwa anayekupiga kalenda kila ukimdai? "He keeps putting me off." Hapo muktadha ndio unaoamua.

Mhariri_Lugha: Nadhani maana si tatizo kubwa kama mpangilio. "Put off the meeting" na "put the meeting off" zote sawa, lakini kiwakilishi lazima kikae katikati: "put it off". "Put off it" ni kosa, kwa sababu mkazo unaangukia "off", na "it" ni neno jepesi lisilofaa kufunga kifungu hicho.

Kosa la pili linatokana na Kiswahili chenyewe. Tunasema "kuahirisha kulipa", kisha ile ku- tunaigeuza "to", tunaandika "put off to pay". Hapana: "put off paying". Baada ya "off", kitenzi huchukua -ing.

Na msiichanganye na "call off". Mechi iliyo "put off" itachezwa siku nyingine, tunza tiketi yako. Iliyo "called off" imefutwa.

Msomaji_K: Asante sana. Na taa?

Mkalimani: Afrika Mashariki "put off the lights" husikika sana na kila mtu anaielewa. Kwenye mtihani au barua rasmi, andika "turn off" au "switch off", hakuna msahihishaji atakayezipinga.

Mhariri_Lugha: Niongeze moja kwa wanaosoma maandiko ya zamani. Katika Biblia ya King James ya 1611, Kutoka 3:5, Musa anaambiwa "put off thy shoes". Pale ni kuvua viatu. Leo wangesema "take off".