Korongo taji wa kijivu au mweusi? Picha kutoka Entebbe

Muulizaji: Habari zenu, ndugu. Nilitembelea bustani ya wanyama ya Entebbe nikampiga picha ndege mrefu mwenye taji la dhahabu, lakini waya wa kizimba umeharibu karibu picha zote. Shingo yake ni ya kijivu, na shavu ni jeupe lenye doa jekundu kwa juu. Je, ni korongo taji wa kijivu au yule mweusi?

Jibu la kwanza: Ni wa kijivu, ndege wa taifa wa Uganda. Mweusi ana shingo iliyokoza zaidi, na wekundu wa shavu lake uko chini. Mimi hutazama shavu kwanza, maana taji zao hufanana mno.

Jibu la pili: Kuhusu waya, sogeza lenzi karibu nao kadiri unavyoruhusiwa, pale penye kivuli, fungua tundu la lenzi hadi mwisho, kisha ulenge jicho la ndege, na waya utafifia wenyewe. Flashi uizime, kwani waya huurudisha mwanga wake.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Bado nina picha ya korongo-nyangumi, ndege mkubwa mwenye mdomo mpana kama kiatu, ambaye alisimama tuli hata mwanangu akadhani ni sanamu. Huyo mdomo wake haukuniacha na shaka.