Naombeni ushauri: mwanya wa meno ya mbele unaweza kuzibwa bila kufunga waya?

Nyota_Njema: Wakuu, habari za humu. Nina mwanya wa kama mm 3 kati ya meno mawili ya mbele, juu. Nikifunga meno, ya juu yanafunika ya chini karibu yote. Nimesoma habari za daraja la kwanza, la pili na la tatu, yaani namna meno ya juu na ya chini yanavyokutana, mpaka nimechanganyikiwa. Je, mwanya unaweza kufungwa bila waya? Shughuli yangu haiko mbali, nahitaji majibu ya haraka. Naomba kuwasilisha.

Gego_la_Sita: Mkuu, anza na magego, mwanya baadaye. Kaa mbele ya kioo, meza mate, uma kwa meno ya nyuma. Usisogeze taya mbele. Wengi hufanya hivyo wakijitazama na jibu linatoka la uongo. Vuta shavu kwa mpini wa kijiko, tafuta gego la kwanza la kudumu, lile linaloota mtu akiwa na miaka 6 hivi. Nundu ya mbele ya gego la juu, upande wa shavu, ikitua kwenye mfereji wa gego la chini, hilo ni daraja la kwanza. Gego la chini likiwa nyuma zaidi, la pili. Likiwa mbele zaidi, la tatu. Mpangilio huu ni wa Mmarekani Edward Angle, 1899, na madaktari bado wanautumia. Ila unaeleza magego tu. Mtu anaweza kuwa daraja la kwanza na meno ya mbele yamesongamana vibaya.

Mzazi_Makini: Mimi nasema na wazazi. Mtoto akiuma na meno ya juu ya upande mmoja yakaingia ndani ya yale ya chini, msisubiri akue. Kaakaa hutanuliwa kirahisi kabla mfupa wa katikati haujaungana, yaani kabla balehe haijakolea. Kifaa cha kutanulia kina skrubu, na kila robo mzunguko mara nyingi hutanua mm 0.25. Na kunyonya kidole kukiendelea meno ya kudumu yakishaota, ya mbele yanaweza kuacha kugusana kabisa.

Nyota_Njema: Asante, ila sina mtoto. Nimeuliza mwanya.

Kifuniko: Kwa kawaida meno ya juu hufunika kama theluthi ya meno ya chini, na hutokeza mbele mm 2 hadi 3. Wewe unasema karibu yote, na hapo ndipo tatizo lako lilipo. Meno ya chini yanagonga ya juu kwa nyuma kila unapouma. Ukiyavuta ya juu yakutane bila kwanza kupunguza huko kufunika, ya chini yatayasukuma na mwanya utarudi. Daktari wa kupanga meno hushughulikia kwanza kina cha huko kufunika. Kisha meno husogea taratibu, kama mm 1 kwa mwezi, na baada ya hapo unavaa kifaa cha kushikilia, la sivyo yanarudi yalikotoka.

Baba_Hekima: Vijana mnataka kila kitu kabla ya sherehe. Mwili hauna haraka.

Gego_la_Sita: Mleta mada, fizi zikoje? Zinatoka damu?

Nyota_Njema: Kidogo, kwenye hayo mawili tu.

Gego_la_Sita: Kwa nini mawili tu? Ukoga haukai meno mawili ukaacha mengine. Umeyafanya nini?

Nyota_Njema: Sawa. Nilizungushia kimpira kidogo cha nywele, nilikiona kwenye video. Msinishambulie, kimefanya kazi! Mwanya umepungua karibu nusu. Nilitaka kuongeza kingine, ndiyo maana nikauliza.

Kifuniko: Cha kwanza kiko wapi?

Nyota_Njema: Kilidondoka usiku. Labda nilikimeza.

Mchota_Chai: Hii chai, na haina hata sukari. Mwanzo "nimesoma tu", sasa kimpira, halafu kimepotea chenyewe. Kesho tutaambiwa jino limetembea.

Mzazi_Makini: Na mimi nashangaa. Tupia picha.

Gego_la_Sita: Iwe chai au isiwe, usiweke cha pili, na yeyote anayesoma asijaribu. Jino la mbele ni pana upande wa kung'atia na linachongoka kwenye mzizi. Kimpira kinachobana hakitulii kwenye upana, kinateleza kuelekea kwenye wembamba. Kinapita chini ya ufizi, kinapanda kwenye mzizi, na njiani kinaharibu nyuzi zinazoshikilia jino pamoja na mfupa. Kinasogea polepole, kwa hiyo maumivu yanaweza kuwa madogo, na mtu anadhani kimeanguka. Kuna watu waliopoteza meno yote mawili kwa namna hiyo. Hayo mawili yanacheza? Yanaonekana marefu kuliko mwanzo?

Nyota_Njema: La kushoto linacheza. Nilidhani ndivyo jino linavyofanya likiwa linasogea.

Mchota_Chai: Naondoa neno langu la chai.

Kifuniko: Kucheza kidogo jino likiwa linavutwa ni kawaida. Kucheza na damu na kimpira hakijulikani kilipo si kawaida. Usichokonoe kwa pini wala uzi. Utakisukuma juu zaidi. Nenda kwa daktari wa meno kesho. Na umwambie kwa mdomo wako kwamba ulifunga kimpira, kwa sababu mara nyingi hakionekani kwenye eksirei. Ataona mfupa umeliwa na atafikiri ni ugonjwa wa fizi. Akijua, atatia ganzi, afungue ufizi, akitoe, kisha pengine ayafunge meno hayo na jirani zake yatulie.

Nyota_Njema: Ratiba yangu ya wiki hii imejaa. Siwezi kwenda wiki ijayo?

Gego_la_Sita: Kesho asubuhi, mkuu. Waya tutaongea mfupa ukishapimwa.