Naomba ushauri: Janeway na Chakotay wakiri mapenzi wapi?

Dada wa Anga:
Habari zenu wakuu. Naandika kwa Kiswahili hadithi ya mapenzi ya Kapteni Kathryn Janeway na Chakotay wa tamthilia ya runinga ya Star Trek: Voyager, na nimekwama.

Hali yao mnaijua. Chombo chao cha anga kimetupwa miaka ya nuru 70,000 kutoka Duniani, safari ya kurudi inakadiriwa miaka 75, na Chakotay, mwasi wa Maquis ambaye Janeway alitumwa kumkamata, sasa ndiye msaidizi wake mkuu. Misimu saba, 1995 hadi 2001, tunaona wanavyotazamana, halafu mwishoni Chakotay anaangukia kwa Seven of Nine, mwanamke mwingine wa chomboni. Mpaka leo linaniuma.

Swali langu: wakiri kwenye sayari ya episodi ya Resolutions, walipoachwa wawili tu kwa ajili ya ugonjwa wa kuumwa na mdudu? Au nisubiri? Wasomaji wangu wa WhatsApp wamegawanyika, na mmoja ameapa kuacha kusoma nikichelewesha.

Kimondo:
Kwenye sayari, dada. Sare wamevua, Chakotay kamtengenezea beseni la kuogea. Anamsimulia kisa cha shujaa mwenye hasira aliyepata amani alipoamua kumtumikia mwanamke shujaa. Janeway anauliza kama kweli ni kisa cha kale, naye anajibu kuwa sicho, ila hivyo imekuwa rahisi kusema. Mwanamume amekwisha kusema! Kilichobaki ni jibu la Janeway.

Bintimwambao:
Kimondo, hapo sikubaliani nawe. Janeway ana mchumba Duniani, Mark. Huyu ni mwanamke anayeongoza watu kwa kushika ahadi yake ya kuwarudisha nyumbani. Akiivunja ya kwake kirahisi, msomaji atamwamini vipi? Mpeleke mpaka msimu wa nne, episodi ya Hunters, barua zinapofika naye anajua kwamba Mark ameshaoa. Ila tafadhali, usimpeleke kwa Chakotay usiku uleule. Mwache aumie kwanza. Chakotay si mtu wa kupozea machungu.

Mzee wa Nyota:
Mark akishatoka, bado kuna cheo, na mimi naona hapo ndipo hadithi yako ilipo. Huyu mama anaweza kulazimika kesho kumtuma Chakotay mahali asikorudi. Na Chakotay si mtu wa kuitikia tu: kwenye episodi ya Scorpion alipinga waziwazi mapatano na Borg, wale maadui nusu mashine wanaoteka watu na kuwageuza wenzao, na Janeway alipozimia akaamua kinyume chake. Watu waliogombana hivyo wakabaki pamoja wana mengi ya kuambiana. Waandikie mazungumzo ya baada ya ugomvi ule, ambayo runinga haikutupa vya kutosha.

Tazama tena na Shattered ya msimu wa saba. Muda umevurugika chomboni, na Janeway wa miaka ya nyuma anamuuliza Chakotay watakuja kuwa karibu kiasi gani, naye anamjibu kwamba kuna mipaka hawakuivuka. Uonyeshe mpaka huo, kila upande unavyouchunga, ndipo uuvuke.

Dada wa Anga:
Asanteni sana. Basi kwenye sayari wataishia kushikana mikono, kama ilivyo kwenye episodi, na ungamo litakuja baada ya Hunters. Na je, naweza kuichapisha nikauza?

Mzee wa Nyota:
Usiuze, wahusika wana mwenyewe. Iweke Archive of Our Own, tovuti ya hadithi za mashabiki, ipo wazi tangu 2009 na haitozi mtu. Ni kazi ya mashabiki wenyewe, na mwaka 2019 ilipata Hugo, tuzo ya hadithi za kubuni za kisayansi. Hadithi za Kiswahili kule ni chache mno, yako inahitajika.

Kimondo:
Nimekubali kushindwa, nitasubiri. Lakini Seven utamfanyaje?

Bintimwambao:
Dada, nakuomba usimfanye mbaya. Alichukuliwa na Borg akiwa mtoto, na Janeway ndiye aliyemrudisha kwenye ubinadamu. Akijua kwamba mama huyu anampenda mtu na amejinyima, nadhani yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kumwambia aache.