Tupeane uzoefu: taa za mbele zilizofubaa, ulizisafisha vipi na zilidumu muda gani?

Baba Nasra, Morogoro

Wakuu, habari za jioni. Nina gari, Toyota IST ya 2004. Niliinunua taa zikiwa na ukungu kidogo, nikapuuza. Mwezi wa nne nilitoka Iringa nimechelewa, nikavuka hifadhi ya Mikumi giza limeshaingia na mvua inanyesha. Nimewasha ful, lakini mbele naona kama nimeshika mshumaa. Kabla ya kufika Doma, yale matawi yanayotandazwa kuonya kwamba mbele kuna lori bovu niliyaona yakiwa tayari yanaingia chini ya bampa. Lori lenyewe halikuwa na hata rifleta. Nilikwepa kwa rehema za Mungu. Mke na mtoto walikuwa wamelala siti ya nyuma.

Nikabadilisha balbu, hakuna kilichobadilika. Jirani akanishauri dawa ya meno. Nilisugua kwa kitambaa dakika ishirini kila taa, zikang'aa kweli, nikafurahi. Baada ya wiki tano njano imerudi, tena safari hii kwa mabaka.

Naomba tupeane uzoefu wa kweli. Ulifanya nini, na miezi sita baadaye taa zilikuwaje? Picha za siku ileile umetoka kusugua hazitusaidii.

Fundi Rangi, Tabata

Mkuu, pole sana, na mshukuru Mungu. Swali lako la miezi sita ndilo lenyewe.

Tunachokiita kioo cha taa ni plastiki, polikabonati. Jiwe likiipiga haivunjiki ovyo, lakini jua haiwezi. Kwa hiyo kiwandani huipaka ngozi nyembamba ngumu ya kuzuia miale. Ngozi hiyo ikishachoka huchanika vipande vipande, na plastiki iliyo chini nayo inaanza kuwa njano. Dawa ya meno ina chembe za kusugulia, inafanya kazi kama msasa laini mno. Ulisugua juu juu, ngozi ikatoka hapa na kubaki pale, ndiyo hayo mabaka. Na pale ilipotoka, plastiki iko uchi.

Mimi nafanya hivi. Naosha taa kwa sabuni, nazungushia tepu ya karatasi tabaka mbili ili nisikwangue rangi ya boneti na bampa. Msasa wa maji namba 600 kama hali ni mbaya, kisha 800, kisha 1000, maji muda wote. Tazama maji yanayochuruzika: mwanzoni yana unjano, hiyo ni ngozi ya zamani inatoka. Yakigeuka meupe kama maziwa kila sehemu, umefika kwenye plastiki safi. Wengi wanaacha katikati wakichoka mkono, halafu wanalaumu klia, ile rangi angavu ya kumalizia.

Ikikauka taa inakuwa nyeupe kabisa, mteja anashtuka anadhani nimemharibia. Naifuta kwa spiriti, napuliza klia ya kuchanganya na hadina, dawa ya kuigandisha, mikono miwili, yaani tabaka mbili. Mkono wa kwanza tu ukitua ule weupe unapotea, unaiona balbu ndani. Klia inajaza mikwaruzo yote. Lakini inayofaa ni yenye kinga ya jua, mwulize muuzaji kabla hujalipa. Na moshi wake ni sumu kwa mapafu. Barakoa ya kitambaa haizuii, lazima ile yenye vichujio vya kuzuia mvuke wa rangi. Asiye nayo ampelekee fundi.

Asiyetaka klia aendelee na msasa 1500, 2000 hadi 3000, apige kompaundi ya kung'arishia, kisha nta. Inapendeza, ila nta lazima uirudie mara kwa mara. Ukisahau, njano inarudi haraka kuliko mwanzo.

Mama Ilham, Tanga

Mimi nilipata hasara, niseme ili mwingine asiumie. Kijana wa kuosha magari alipulizia taa zangu dawa ya kufukuza mbu, ile ya kujipaka mwilini, akafuta. Jamani, ziling'aa papo hapo! Nikamwongeza na hela ya soda. Kesho yake nikigusa, taa inanata, vumbi limeganda juu. Mwisho wa mwezi imejaa nyufa nyembamba kama nywele, usiku mwanga unatawanyika kila upande. Fundi alijaribu msasa akasema nyufa zimeingia ndani sana. Nilinunua taa used zote mbili.

Fundi Rangi, Tabata

Pole mama. Dawa ile inayeyusha plastiki, huo mng'ao ni plastiki yenyewe imelainika. Petroli, thina na mafuta ya breki pia msiweke kwenye taa, vinapasua.

Mvuvi, Likoni

Mimi niko Mombasa, na gari yangu hulala nje, jua la asubuhi lote laja usoni. Taa zilisuguliwa zote siku moja. Ya kulia nikabandikiwa filamu angavu ya kuzuia miale, ya kushoto nikawa naipaka nta kila mwezi kwa sababu pesa haikutosha. Mwaka wa pili huu. Ya kulia iko safi. Ya kushoto juu, pale inapopinda kuelekea boneti, imeanza njano, na nta sijakosa hata mwezi mmoja. Siku hizi naegesha nikitazamisha ukuta.

Dereva wa Noah

Yangu nasugua lakini ukungu hautoki. Shida nini?

Fundi Rangi, Tabata

Mwagia maji juu ya taa. Ikionekana safi ikiwa imelowa, ubovu uko nje, msasa utatibu. Ikibaki na ukungu, uko ndani: sili ya kuzibia taa imeachia, maji yanaingia, au mfuniko wa nyuma haupo. Msasa wa nje hautasaidia, itabidi ifunguliwe.

Baba Nasra, Morogoro

Wakuu, nimerudi. Jumamosi nilikaa na fundi wa hapa mtaani, msasa nikashika mwenyewe. Maji ya njano yalitoka karibu nusu saa kwenye taa ya kushoto, nikataka kuacha, nikakumbuka maneno ya fundi wa Tabata. Yakawa maziwa. Klia akapuliza yeye. Jana usiku nilikwenda mpaka Dakawa na kurudi. Vibao vya barabarani vinaniitikia kutoka mbali, na mwenda kwa miguu nilimwona mzima, kuanzia viatuni.

Nimeandika tarehe kwa maka peni upande wa ndani wa boneti. Mwezi wa kumi na mbili nitaleta picha, taa ileile, saa ileile ya mchana.