Mama wa Cafcass anataka kuja nyumbani, afunguliwe?

Kutoka: Kaka wa Slough
Habari zenu jamani. Naulizia kwa niaba ya mdogo wangu, yuko Midlands. Halmashauri imepeleka kesi ya watoto wake wawili mahakamani. Jana kapigiwa simu na mama mmoja wa Cafcass, lile shirika la England la kuwasemea watoto kwenye kesi za familia, anataka kuja nyumbani, kisha awaone watoto shuleni bila mzazi. Mdogo wangu anasema ni walewale wa ustawi wa jamii, hamfungulii mtu. Mnasemaje?

Kutoka: Mkalimani, Leicester
Shikamoo kaka. Afungue.

Huyo ni gadiani wa watoto, yaani mtu wa kusimamia maslahi yao kwenye kesi. Sheria ya Watoto ya 1989 inaitaka mahakama imteue katika kesi kama hii, isipokuwa ione hahitajiki. Kwa taaluma naye ni mtu wa ustawi, ndiyo maana watu wanawachanganya, lakini haajiriwi na halmashauri. Tena ana haki ya kusoma mafaili yao yanayowahusu watoto. Nimekaa kwenye kesi hizi miaka, na nimemsikia gadiani akimwambia jaji waziwazi kwamba mpango wa halmashauri haufai.

Watoto nao wana wakili wao, na gadiani ndiye humpa maelekezo. Ila mtoto mkubwa anayejielewa, akipingana na gadiani, wakili atasema la mtoto na gadiani atasema lake.

Sasa tusidanganyane: hakuja kumtetea mdogo wako. Atakayoyasikia yanaweza kuingia kwenye ripoti, na ripoti ile ina uzito. Jaji akienda kinyume nayo inabidi aeleze kwa nini. Kwa hiyo asipambe mambo, na asiwafundishe watoto cha kusema. Hawa watu wanazungumza na watoto kila siku, maneno ya kukaririshwa wanayatambua.

Linaloniuma zaidi ni ndugu. Kesi inatakiwa iishe ndani ya wiki 26. Sisi tunaona aibu, tunangoja wazee wakae kwanza, jina la shangazi linakuja kutajwa kesi imeshafika mwishoni. Ndugu anayeweza kulea atajwe mapema, kwa gadiani na kwa halmashauri, wamchunguze. Hata aliye Tanga anaweza kufikiriwa, ila uchunguzi wa nje ya nchi unakula muda.

Kutoka: Mama Aberdeen
Walioko Scotland msiyachukue haya yote. Huku mambo mengi huenda kwenye kikao cha watoto chenye wajumbe watatu wa kujitolea, na mwakilishi huru wa mtoto huteuliwa pale wanapoona anahitajika.

Kutoka: Kaka wa Slough
Marahaba dada, na asante mama. Wakili bado hatuna, hela hakuna. Kiingereza cha mdogo wangu nacho cha dukani tu. Nimtume binti yangu akatafsiri?

Kutoka: Mkalimani, Leicester
Binti abaki nyumbani, haya si ya kusikia mtoto. Mkalimani wa mahakamani halipiwi na mzazi. Aombe mapema, na Cafcass awaambie anataka Kiswahili. Wakili pia ni bure: mzazi ambaye halmashauri inaomba amri ya kuchukua watoto wake haulizwi kipato. Atafute ofisi ya mawakili wa familia wanaopokea msaada wa kisheria wa serikali, awapelekee barua alizopewa zote.

Kutoka: Kaka wa Slough
Tuna dada yetu mkubwa Coventry, ana nafasi, lakini hajaambiwa lolote.

Kutoka: Mkalimani, Leicester
Mpigie leo kaka.