Vijana wa Kambodia na fahari ya Ukhmer: je, hekalu la kwenye bendera linatosha?

Mwalimu wa Jioni (swali):
Ndugu zangu, nafundisha Kiingereza darasa la jioni jijini Phnom Penh, na wanafunzi wangu wengi ni vijana waliomaliza sekondari karibuni. Fahari yao ya kuwa Wakhmer, kabila kubwa la Kambodia, haina shaka, kwani Angkor Wat, iliyo kwenye bendera ya taifa, wameiweka pia kwenye simu, fulana na majalada ya daftari. Hata hivyo, nikiuliza ni nani aliyelijenga hekalu hilo, wengi husema "mababu zetu" wakaishia hapo, na ni wachache wanaomtaja Suryavarman wa Pili wa karne ya 12. Baadhi yao hawajafika Siem Reap, mji ulio jirani na hekalu hilo, hata mara moja, ingawa Mkambodia halipi kiingilio huku mgeni akitozwa dola 37 za Marekani kwa siku. Je, niwaongoze vipi waijue nchi yao kwa undani, nami nisionekane mgeni anayewasomesha wenyeji historia ya kwao?

Bi Saada:
Mwalimu, kiingilio si hoja, kwa maana nauli na malazi ndivyo vinavyomzuia kijana wa kipato cha chini. Tukiliacha hilo, mimi nisingeanza na Angkor Wat, kwa sababu ukubwa wake humfanya mtu ashangae tu, na aliyeshangaa huwa hana swali la kuuliza. Ningeanza na picha za kuta za hekalu la Bayon, alilolijenga Jayavarman wa Saba, aliyeshika kiti cha ufalme mwaka 1181. Pale, chini ya misafara ya majeshi, wamechongwa watu wa kawaida: wanawake wakiuza bidhaa sokoni, wanaume wakiwashindanisha majogoo, wavuvi ndani ya mitumbwi, wapishi wakichoma mishikaki. Mjumbe wa China, Zhou Daguan, aliyeishi Angkor, mji mkuu wa Wakhmer wa zamani, mwaka 1296 hadi 1297, naye aliandika kwamba biashara ya huko ilikuwa mikononi mwa wanawake. Wape wanafunzi picha na maandishi hayo kwa pamoja, kisha waulize kama shughuli hizo ni ngeni kwao. Yule binti ambaye mama yake ana meza sokoni atakuwa na mengi ya kusema kukuzidi wewe, na hofu yako ya ugeni itakuwa imekwisha hapo hapo.

Usisahau pia maandishi ya mwaka 1186 yaliyochongwa katika hekalu la Ta Prohm, yanayotaja hospitali 102 zilizokuwa katika ufalme huo. Kwangu mimi, hospitali hizo ni sababu nzito zaidi ya kujivunia kuliko mnara wowote.

Shaibu:
Nakubaliana na Bi Saada, ila fahari isiyo na elimu ina hatari yake, na vijana wa Kambodia wanastahili kuambiwa hivyo bila kufichwa. Januari 2003 ulienea uvumi kwamba mwigizaji mmoja wa Thailand alidai Angkor ni mali ya nchi yake, na kabla ya yeyote kuthibitisha maneno hayo, umati ulikuwa umekwisha kuuchoma moto ubalozi wa Thailand jijini Phnom Penh. Linganisha na kesi ya hekalu la Preah Vihear, lililo mpakani na Thailand, ambayo Kambodia iliishinda Thailand mwaka 1962 katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague. Hoja iliyoamua shauri haikuwa nani aliyelijenga hekalu. Mahakama iliitazama ramani iliyochorwa na maofisa wa Kifaransa mwanzoni mwa karne ya 20, na ikaona kwamba Siam, yaani Thailand kwa jina lake la zamani, ilikaa nayo miaka mingi bila kuipinga. Kijana anayelielewa shauri hilo ataitetea nchi yake vizuri kuliko anayepiga kelele mitandaoni.

Mwalimu wa Jioni:
Shukrani, Bi Saada na mzee wangu Shaibu. Bayon tutaianza wiki ijayo. Kinachonitia wasiwasi sasa ni miaka ya Khmer Rouge, wakomunisti walioitawala nchi kikatili, kwa kuwa nikiigusa darasa zima hunyamaza.

Mkaazi wa Battambang:
Ukimya huo, Mwalimu, usiuchukulie kuwa ni kutojali. Kati ya Aprili 1975 na Januari 1979 walikufa watu wapatao milioni 1.7, na katika familia nyingi walionusurika hawakupenda kuyasimulia. Shuleni nako somo hilo liliguswa juu juu kwa miaka mingi, mpaka Kituo cha Nyaraka cha Kambodia kilipochapisha kitabu cha wanafunzi mwaka 2007. Tuol Sleng, iliyokuwa shule ya sekondari kabla ya kugeuzwa gereza, imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu Julai 2025, lakini nisingekushauri uwapeleke huko kwanza. Waache wawaulize bibi zao maswali madogo: walikula nini, walilala wapi, nani aliwafundisha kusoma baadaye. Atakayekataa kujibu asisumbuliwe. Kisha wapeleke Kituo cha Bophana, hapo hapo Phnom Penh, ambako hutunzwa filamu na sauti za zamani za nchi hiyo. Watafute kwanza zile za miaka ya 1960, ili wajue kilichokuwapo kabla hakijavunjwa.